Tangazo la Supu na Mzee wa Newburg

Kostansia alikuwa mkalimani wa simu. Kazi hiyo aliifanya nyumbani kwake Riverside, kaskazini mwa Buffalo, katika chumba kidogo cha juu ambacho wenyeji waliotangulia walikifanya stoo. Mumewe Jovini akishaondoka kwenda kiwandani Tonawanda, na watoto wakishapanda basi la shule, alifunga mlango, akavaa vidude vyake vya masikioni, akabonyeza kitufe, na watu wa Marekani nzima wakaanza kumwingia kichwani. Nesi wa Iowa na mama mwenye mtoto wa homa. Mwalimu wa Texas na baba aliyeitwa shuleni. Kampuni ya umeme na mtu aliyekatiwa umeme.

Wazazi wake walikuwa Warundi, lakini yeye alikulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kasulu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Kile cha Wakongo wa Kivu alikuja kukizoea kanisani Buffalo, na hakikuja bure. Siku zake za kwanza kazini mgonjwa mmoja aliomba daktari "amutoshe lile jino", naye akatafsiri kwamba jino linatosha. Daktari alicheka. Mgonjwa hakucheka. Tangu siku hiyo Kostansia alijua kwamba kwa Mkongo kutosha ni kuondoa.

Sheria ya kazi ilikuwa moja ngumu: mkalimani hasemi "mama huyu anasema tumbo linamuuma". Husema "tumbo linaniuma". Anavaa "mimi" ya kila anayepiga. Kwa hiyo ndani ya miaka michache Kostansia alikuwa amekwisha kujifungua mara nyingi kwa mdomo, amefiwa, amefukuzwa kazi, amekula kiapo mahakamani. Jioni alivua vidude vya masikioni, akashuka kupika, na wale watu wote wakabaki juu.

Mwaka huo, miti ilipoanza kupukutisha majani, simu zikaanza kuingia kutoka kituo kimoja cha televisheni cha Louisville. Wakongo wa huko walikuwa wakipiga kwa wingi kulalamikia tangazo, hata kituo kikalazimika kutafuta mkalimani.

Tangazo lenyewe lilikuwa la supu ya mkebe, na lilirushwa kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Wanawake wawili wanarudi nyumbani kutoka kwenye theluji. Mmoja, Mwafrika aliyejifunga kitambaa cha manjano kichwani, anapasha supu. Mwenzake anaonja, supu inamchuruzika kidevuni, na yule wa kitambaa anamfuta kwa kidole gumba kisha anambusu mdomoni. Basi. Mkebe unaonekana na muziki unakwisha.

Buffalo nako lilikuwa likionyeshwa. Mara ya kwanza Kostansia alipoliona, mkono wake ulikwenda kwenye rimoti kabla hata hajafikiri. Kwa hiyo wale waliopiga simu hakuwaona watu wa ajabu. Walisema karibu maneno yale yale, kwa maana pasta wao alikuwa amewafundisha ya kusema: mimi ni Mkristo, nina watoto nyumbani, tangazo lile si zuri, liondoeni. Mama mmoja tu ndiye aliyetoka nje ya mstari. Alisema, "Batoto banakuwa naniuliza ile ni nini, na miye sina jibu ku luga yoyote." Kostansia aliyatafsiri maneno hayo kwa uangalifu, kwa sababu yangeweza kuwa yake mwenyewe.

Alasiri moja ya juma lile lile akaingia mzee kwenye simu. Nyuma yake zilisikika honi za mashine za kubebea mizigo. Alikuwa akipiga akiwa kwenye uwanja wa magari, nje ya ghala alikofanya kazi. Upande wa kituo alikuwapo Darlene, mhudumu mwenye sauti ya taratibu, ambaye Kostansia alikuwa ameanza kumzoea.

"Bon," mzee alisema. "Miye naitwa Mushagalusa, ninaishi Newburg, hapa Louisville. Niko mukristo, niko na batoto ku nyumba. Ile tangazo ya supu siyo ya muzuri. Muitoshe."

Aliyasema haraka, kama mtu anayesali huku akiwaza mambo ya shambani. Kostansia akatafsiri. Darlene akamshukuru, kisha akauliza kama kawaida yake kama kuna jambo jingine.

Mashine nyuma ya mzee zikapiga honi.

"Ule musichana wa kitambaa ya manjano," alisema mwisho. "Anaishi wapi?"

Darlene alisema samahani, kituo hakina habari za waigizaji. Kwa nini anauliza?

"Ni mutoto yangu."

Kostansia alifungua kinywa na kusema kwa Kiingereza, "Ni mtoto wangu." Darlene alidhani amesikia vibaya, akamwomba mkalimani arudie. Akarudia. Aliyasema kana kwamba ni yeye aliyekuwa akimdai mtoto.

Ndipo mzee akaeleza, taratibu, akikata maneno vipande vifupi ili mkalimani asipotee. Mtoto huyo aliitwa Gentille, kifungua mimba wake. Miaka miwili nyuma wazee wa familia nyingine walikuja kumposa, watu wazuri, waliofahamiana nao tangu Bukavu. Gentille alikataa, na alipoulizwa sababu hakusema. Baba mtu akaona aibu mbele za wageni, akamwambia asilitaje tena jina lake. Msichana akachukua begi lake na kutoka.

"Hatukujua kama iko muzima," alisema Mushagalusa. "Sasa siku moja tunamuona mu salon ya nyumba yetu, mu televizio, anapika supu. Mama yake Nabintu njo alimutambua wa kwanza. Alikaa tu chini. Sasa kila jioni, saa ya ile tangazo, anapata kazi ya kufanya pale mbele ya televizio. Anafuta meza yenye ilishafutwa." Akavuta pumzi. "Donc naomba kujua. Ile ni kazi ya kuigiza tu, ao njo maisha yake?"

Darlene alisema hajui, na hata angejua, si yeye wa kusema. Lakini angepeleka jina la mzee na namba yake kwa waliotengeneza tangazo, bila kumwahidi kitu. Akauliza pia, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuuliza, kama lile lalamiko aliandike au aliache.

Mzee alifikiri. "Andika," alisema. "Pastere atauliza kama nilipiga."

Simu ilipokatika Kostansia alibonyeza kitufe cha mapumziko, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alisimama dirishani akitazama ua wa jirani. Hakuwa na mtu wa kumsimulia. Kanuni ya siri ya kazi haikumruhusu kumwambia hata mumewe wala mchungaji. Ilikuwa siri, basi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mzee wa kanisa lao, Reginaldi, alimwita kando. Makanisa ya Waswahili ya Louisville na Columbus yalikuwa yamekwisha kupiga simu, alisema, na isingependeza Buffalo ibaki nyuma.

"Dada Kostansia, Kiingereza chako kimenyooka. Utupigie kwa niaba ya akina mama."

"Naomba mtafute mwingine, mzee wangu."

Reginaldi alishangaa. Kostansia hakuwa mtu wa kukataa kazi ya kanisa. "Kuna shida gani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi," alirudia, naye akaona uso wa mzee ukifungwa taratibu kama mlango wa mtu mstaarabu.

Maneno yakatembea. Wenzake wa kwaya hawakumtukana. Walimwachia tu nafasi pana kidogo kwenye benchi. Garini, walipokaribia nyumbani, Jovini akasema, "Watu wananiuliza kama mke wangu ameanza kutetea mambo yale."

"Sijatetea kitu, baba. Nimesema sipigi."

"Na mimi niwajibu nini?"

"Waambie mkeo amesema hapigi."

Jovini alitikisa kichwa, lakini hakukasirika. Walikuwa wamekaa pamoja muda wa kutosha kujua kwamba mke wake akifunga kinywa, ana sababu. "Basi," alisema, akaegesha gari.

Usiku na mchana Kostansia aliligeuza jambo lile. Yale aliyofundishwa tangu Mtabila aliendelea kuyaamini, hayakuwa yamehama. Ila kilichohama ni picha. Zamani alipoona tangazo aliona jambo. Sasa alimwona msichana wa kitambaa, na nyuma ya msichana meza inayofutwa Newburg, na hakuweza tena kuvitenganisha. Simu ambayo angeipiga ingemfikia nani? Hilo ndilo lililomkwamisha, na kwa hilo hakuna aliyekuwa amemfundisha aya.

Wiki chache baadaye simu ya Louisville ikaingia tena. Wakalimani waliokielewa Kiswahili cha Kivu katika kampuni yao walikuwa wachache, hata sauti zile zile zilirudi kwao mara kwa mara. Kostansia aliitambua sauti kabla haijamaliza salamu. Mushagalusa hakuwa kwenye uwanja wa magari safari hii. Palikuwa kimya.

"Ile tangazo ya supu," alisema. "Haiko tena. Tunangojea kila jioni, haipite."

Darlene alieleza kwamba mwenye tangazo ameliondoa Louisville kwa sababu ya malalamiko mengi.

"Muirudishe."

Kostansia akatafsiri.

"Bwana," Darlene alisema kwa upole, "kwenye orodha yangu wewe ni mmoja wa waliolalamika."

"Najua. Nililalamika. Sasa nalalamika tena. Mama yake hakule vizuri tangu mulitosha. Muirudishe."

Darlene alisema uamuzi si wa kituo. Lakini, akaongeza, alikuwa akitafuta namna ya kumpigia, kwa sababu jibu limekuja. Waliotengeneza tangazo walimfikishia Gentille ujumbe, naye ametuma maneno. Je, ayasome?

"Asome," alisema mzee.

Darlene akasoma kwa Kiingereza, na Kostansia akayapokea sentensi kwa sentensi. Msichana alikuwa ameyawaza labda kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, akayaandika kwa Kiingereza, na sasa yalirudi kwa baba yake kupitia kinywa cha mwanamke wa Buffalo asiyemjua. Alijitahidi kuyabeba bila kuyamwaga.

"Baba, niko mzima. Ninaishi Columbus, ninahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Lile tangazo lilikuwa kazi ya siku moja. Umeuliza kama ni kazi au ni maisha yangu. Ukitaka kujua, niulize mwenyewe. Mwambie mama nakumbuka chakula chake."

Kisha Darlene akataja namba ya simu.

Kostansia alisikia pumzi za mzee, na mbali kidogo, kama kwenye chumba cha pili, sahani zikiwekwa juu ya sahani.

"Mama mukalimani," Mushagalusa alisema mwisho. "Weye uko mama, nasikia ku sauti. Ungekuwa miye, ungepiga?"

Sheria ilimtaka atafsiri hata hilo, akalitafsiri. Darlene akasema polepole kwamba anaelewa, mkalimani hawezi kujibu. Kostansia alijua sentensi inayotakiwa. Ndiyo aliyofundishwa siku ya kwanza kazini. Alikuwa amevaa "mimi" ya mzee huyu mara mbili, akadai mtoto kwa mdomo wake, akaomba tangazo lirudishwe, na sasa aliulizwa kwa mara ya kwanza ile "mimi" yake mwenyewe.

"Mzee wangu," alisema, "mkalimani haruhusiwi kutoa maoni. Ila namba nairudia, uandike vizuri."

Akaitaja tarakimu moja moja, akingoja baada ya kila moja mpaka alipoisikia kalamu ikisimama. Alipofika mwisho akaanza upya, ingawa Darlene hakuwa ameitaja mara ya pili. Darlene hakumkatiza.

Jioni ile Jovini alimkuta jikoni anakata vitunguu na macho yamejaa machozi, akasema vitunguu vya msimu huu vikali. Kostansia akasema ndiyo, vikali.

Buffalo tangazo liliendelea mpaka msimu wake ukaisha lenyewe. Reginaldi alimpata msichana mmoja wa chuo apige simu kwa niaba ya akina mama, na Kostansia hakumlaumu. Kwenye kwaya benchi lilijaa tena, ingawa baadhi walimsalimu kwa adabu iliyozidi kiasi.

Theluji ilikuwa imekwisha kushika barabara ilipoingia simu ya kampuni ya mabasi. Mhudumu wa tiketi aliuliza safari ni ya kutoka wapi kwenda wapi.

"Kutoka Louisville kwenda Columbus," ilisema sauti ile ile ya mzee wa Newburg. "Tuko babili. Miye na bibi yangu."

Kostansia akatafsiri: sisi ni wawili, mimi na mke wangu. Mhudumu akauliza mizigo. Palitokea mashauriano upande wa pili, na sauti ya mwanamke, ambayo Kostansia hakuwahi kuisikia, ikashika simu.

"Sanduku moja," alisema Nabintu, "na sombe. Nilishaipika, iko mu barafu. Uliza kama banakubali sombe."

Kostansia alimweleza mhudumu kwamba ni majani ya muhogo yaliyopikwa na kugandishwa. Mhudumu alisema hajawahi kuulizwa hilo, lakini kama chombo hakivuji, hakuna neno.

"Haivuje," alisema Nabintu.

"Na tiketi ya kurudi iwe ya siku gani?"

Kostansia akauliza. Alisikia mzee akianza kutaja siku, na mkewe akimkata.

"Ya kurudi bado," alisema Nabintu. "Tutafika kwanza."

"Tutafika kwanza," Kostansia alimwambia mhudumu kwa Kiingereza, na mhudumu akaandika tiketi mbili za kwenda tu.