Kanuni Niliyoiruka

Swali lililoninyima usingizi wiki ile nzima lilikuwa moja: kama ningeisoma ile kanuni, kijana yule angeifuata? Nililigeuza kila upande. Huenda angecheka kama wenzake. Huenda angeikumbuka alipofika kwenye kona. Jibu nililolitamani zaidi lilikuwa kwamba hata ningeisoma asingesikia, na kwa kuwa nililitamani, sikuliamini.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikapangiwa ofisi ya kilimo huko Lushoto. Ilikuwa miaka ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa, na ofisi ilikuwa imepewa pikipiki mbili ili mabwana shamba wafike kule ambako barabara huisha, zikabaki njia za ng'ombe na za wapasua mbao. Kitabu cha kanuni za kuziendesha kilikuwa cha Kiingereza. Mkuu wetu akanitupia mezani.

"Msomi ni wewe. Wafundishe."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanda pikipiki mara tatu maishani. Nilitafsiri kwa hofu, neno baada ya neno. Vaa kofia ngumu. Usipakie mtu. Njia ikiwa na utelezi, shuka usukume. Usizime injini mteremkoni.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitia mashakani. Petroli ilikuwa haba, tukipimiwa kwa kopo, na kila dereva wa milima ile alikuwa na dawa yake: ukifika juu unatoa gia, unaweka frii, unazima, unateremka kimya mpaka bondeni. Dereva wa Landrova ya ofisi, mtu mzima niliyemwamkia shikamoo kila asubuhi, aliuita mteremko kituo cha mafuta cha Mungu. Mkuu alimsifu mbele yetu sote kwa kubana petroli.

Siku ya mafunzo nilisimama mbele ya mabwana shamba sita. Nilipoifikia kanuni ile nikamwona dereva ameegemea dirisha, anatabasamu. Nikasita.

"Ehe, msomi, endelea," akasema. "Au kitabu nacho kimeishiwa petroli?"

Wakacheka. Nikafunua ukurasa uliofuata.

Sababu nilikuwa nimeisoma. Injini inayonguruma kwenye gia ndogo huishika pikipiki isikimbie. Ikizimwa, uzito wote huziangukia breki, na breki zikipata moto au maji haziaminiki. Mimi nilijua. Wao hawakujua.

Mwezi haukuisha. Mmoja wao, kijana wa rika langu, alianguka akiteremka kutoka kijiji kimoja upande wa Mlola, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Tulimkuta chini kwenye shamba la maharage, ameshakata roho, kofia ngumu imefungwa barabara kidevuni, kama nilivyomfundisha. Pikipiki ilikuwa frii. Ufunguo ulikuwa umegeuzwa kwenye kuzima. Dereva aliutazama, akanitazama, akauchomoa na kuutia mfukoni.

Katika taarifa yake mkuu aliandika "uzembe wa mwendeshaji". Maneno hayo yalipanda mlima, na yalipofika kwao marehemu yalikuwa yamegeuka pombe. Mtu ambaye aliimba kwaya ya Kilutheri na hakugusa pombe ya miwa hata harusini! Sokoni niliwasikia akina mama wawili wakichagua kabichi.

"Kumbe mwanakwaya alikuwa akinywea msituni."

"Mama yake hatoki ndani siku hizi. Anasema kama ni kweli, basi hakumjua mwanawe."

Nikamwendea dereva akiosha gari. "Shikamoo mzee. Nataka nikawaambie kwao."

"Marahaba. Utawaambia nini? Ukijitaja wewe umenitaja na mimi, umemtaja na mkuu. Na yeye hafufuki." Akakamua kitambaa. "Wewe unafikiri mno, kijana. Fikiri na kibarua chako."

Nilifikiri siku nne. Nilifikiri kufukuzwa, nilifikiri kupigwa, nilifikiri barua isiyo na jina. Kila mara niliishia kwa mama yule aliyejifungia ndani, asijue amlilie mwana yupi.

Jumamosi nikaenda kwa miguu. Kishambaa changu kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo njia nzima nilipanga maneno ya Kiswahili, nikiyapangua na kuyapanga upya. Nyumbani kwao nilimkuta mama amekaa mkekani na jamaa kadhaa, mzee wake kando kwenye kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Sikukaa. "Mama, mwanao hakulewa. Alizima injini mteremkoni kubana petroli ya ofisi, kama ofisi nzima ilivyozoea. Kitabu kilikataza. Mimi ndiye niliyepewa kuwasomea, na hapo nikaruka, kwa kuogopa kuchekwa."

"Kuchekwa?" akauliza mwanamume mmoja, akiinuka.

"Ndiyo."

Mama alimzuia kwa mkono.

"Rudia," akasema. "Baba yake hasikii vizuri."

Nikapiga magoti karibu na sikio la mzee, nikarudia yote kwa sauti, mpaka majirani waliokuwa uani wakanyamaza.