Jezi Namba Kumi na Saba ya Khlong Daeng

Simu ya mjukuu wangu ililia ndani ya kabati la nguo.

Sasa, mjukuu wangu yuko Thailand anacheza mpira. Kabati liko hapa Temple Hills, Maryland, chumbani kwa mama yake.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, saa moja asubuhi. Nilikuwa peke yangu sebuleni. Nimemaliza kumrekodia Kipkemboi ujumbe wa sauti, wa kumgombeza kama kawaida yangu, nikatuma.

Ting'iri-ting'.

Nikatega sikio. Nikatuma mwingine. "Wewe Kipkemboi?"

Ting'iri-ting'.

Kengele ya ng'ombe. Hiyo sauti aliiweka mwenyewe kwa simu yake siku anaondoka. Akaniambia, "Kogo, hii ni yako peke yako. Ikilia najua ni wewe, hata nikiwa kwa choo."

Kogo ni nyanya, kwa lugha yetu.

Wacha nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni mama wa Kinandi, wa Kenya, nimesoma mpaka darasa la nne. Binti yangu Adela alinileta Amerika miaka sita iliyopita. Yeye anaosha na kulisha wazee katika nyumba ya wazee kule Landover. Ana watoto wawili, Kipkemboi na Chelagat.

Kipkemboi nilimlea mimi, Adela alipotangulia huku. Amelala mgongoni mwangu mpaka miguu yake ikawa inaburuzika chini. Kwa hivyo nikisema wangu, ni wangu.

Miaka miwili iliyopita akapata timu Thailand. Inaitwa Khlong Daeng, daraja la pili. Beki wa kushoto, jezi namba kumi na saba.

"Thailand iko upande gani?" nilimuuliza.

"Ukichimba hapa kwa sakafu, Kogo, uchimbe tu usichoke, utanipata."

Basi nikaanza kuchimba kwa njia yangu.

Kila Jumamosi nilikaa na Chelagat, anasoma ukurasa wa timu kwa kompyuta, ananitafsiria. Mimi sikujua mpira. Lakini mtu akioa, si unauliza ukoo wa bibi harusi? Nami nilitaka kujua ukoo wa hao watu waliomchukua mtoto wangu.

Nikaujua wote.

Timu ilianzishwa mwaka wa 2514.

"Ati elfu mbili mia ngapi?" nilimwambia Chelagat. "Huo mwaka haujafika!"

Akacheka mpaka akalala kwa kochi. "Kogo, wako na kalenda yao. Toa mia tano arobaini na tatu."

Nikachukua kalamu nikatoa. 1971. Mwalimu wangu wa darasa la nne angefurahi. Tangu siku hiyo kila mwaka kwenye ule ukurasa nilitoa mwenyewe.

Walioianzisha ni wapakuzi wa kiwanda cha mchele. Jezi za kwanza zilishonwa kwa magunia ya mchele, wakayatia rangi ya kijani. Ukitoka jasho, rangi inabaki kwa ngozi, unaenda kanisani, yaani hekaluni kwao, ukiwa kijani.

Jina la utani ni Nyati.

Mwaka wa 2554, ambao ni 2011, mafuriko yakajaa uwanjani mpaka kwa mwamba wa goli. Msimu mzima wakacheza uwanja wa kuazima, mkoa mwingine, mashabiki sitini. Wakashuka daraja. Wakapanda. Wakashuka tena. Tajiri mmoja akawanunua, akabadilisha jina, akachoka, akawaacha. Mashabiki wakarudisha jina la zamani.

Kombe? Hawajachukua hata la kunywea chai.

"Timu gani hii sasa?" nilimuuliza Kipkemboi kwa simu.

"Kogo, ni timu ya watu wavumilivu. Nimekuja mahali pako kabisa."

Mechi zao ni saa kumi na mbili jioni ya huko, hapa ni saa moja asubuhi. Natazama kwa simu na chai yangu. Siangalii mpira. Naangalia kumi na saba.

Halafu Machi nikalazwa. Moyo. Nikafunguliwa kifua, nikakaa hospitali wiki tatu, na daktari akamwambia Adela, huyu mama asishtuliwe na kitu chochote.

Nilipotoka, kumi na saba hayuko uwanjani.

"Ameumia goti, Kogo," Chelagat akasema. "Ni injury tu."

"Mbona hapigi?"

"Coach amewakataza simu."

Kocha gani anakataza mtu kumsalimia nyanya yake? Nikaanza kumtumia ujumbe wa sauti. Kila siku. Na kila siku jioni zile alama mbili zinageuka buluu. Amesikiliza! Lakini jibu hakuna.

Hapo ndipo nikakasirika.

"Kipkemboi, umekuwa mtu mkubwa, eh? Nimefunguliwa kifua kama kuku na hukuniuliza hali." Buluu.

"Mama yako anavaa wigi siku hizi, hata mimi hanivulii, sijui ni fasheni gani, na wewe huulizi." Buluu.

"Mungu anakuona." Buluu.

Miezi saba hivyo.

Nilipomlalamikia pasta Mutai kanisani, aliangalia viatu vyake. Akina mama nao, nikitaja Kipkemboi, wanakumbuka sufuria iko motoni. Nikasema, kumbe kila mtu amechoka na mtoto wangu kwa jeuri yake.

Turudi kwa ile Jumamosi.

Nilifungua kabati. Juu, nyuma ya masanduku ya viatu, waya wa chaja ulikuwa umeingizwa kwa tundu la ukuta. Simu yake, ile yenye ufa pembeni. Imejaa chaji. Chini yake jezi ya kijani imekunjwa vizuri, nambari juu.

Mnajua nilifikiria nini?

Nilifurahi.

Haki ya Mungu nilifurahi. Nikasema, huyu amerudi kimyakimya, timu imemfukuza kwa sababu ya goti, anaona aibu. Amelala kwa Chelagat kule Fairfax karibu na chuo chake. Wanangoja kunishtukiza. Nikaanza hata kufikiria nitapika nini.

Lakini nikataka uhakika. Nikasema, kama timu imemwacha, ukurasa utasema.

Chelagat yuko Fairfax, Adela yuko kazini. Nikashuka ngazi kwa Yohance.

Yohance ni jirani yetu wa chini, Mmarekani mweusi, dereva wa basi la shule. Alisomea Kiswahili chuoni, na anaongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Shikamoo, bibi. Umeamkaje? Karibu ndani, tafadhali."

"Marahaba. Nimeamka salama, nisomee kitu."

Nikamtajia timu. Akapata ukurasa. Jamani, Yohance ni mtu wa kusoma kila kitu. Haruki hata koma. Akasoma magunia, akasoma mafuriko, akasoma tajiri. Mimi natangulia kumwambia kinachokuja, anashangaa.

"Bibi, wewe ni shabiki mkubwa!"

"Endelea."

Kwa tajiri na mashabiki ndipo Chelagat huwa anafunga kompyuta. Husema, "Finished, Kogo."

Yohance hakufunga.

"Kuna aya moja ya mwisho," akasema. "Jezi namba kumi na saba haitavaliwa tena na mchezaji yeyote wa Khlong Daeng, kwa heshima ya beki wa kushoto kutoka Kenya aliyeanguka mazoezini na kufariki dunia tarehe kumi na moja Machi, mwaka wa 2568."

Aliposoma jina la beki, sauti yake ikashuka. Hakuwa anajua ni nani kwangu.

"Huo mwaka haujafika," nikamwambia.

"Samahani, bibi?"

"Elfu mbili mia tano sitini na nane. Haujafika."

Nikamwomba kalamu.

Nikaandika juu ya bahasha, nikatoa taratibu, nikikopa kumi kama nilivyofundishwa. Nikarudia mara mbili.

2025. Mwaka huu.

Tarehe kumi na moja Machi nilikuwa na mirija puani. Wiki ile Adela aliniaga, akasema anaenda Kenya siku kumi kufuata hati ya shamba. Na kweli alienda shambani. Alienda kumzika mwanawe, na mimi nikamwagiza aniletee majani ya chai.

Akaleta. Nikanywa.

"Bibi, nimekosea nini?" Yohance akauliza. "Huyu ni nani?"

"Hujakosea. Ni wewe tu ndiye umesoma mpaka mwisho."

Nikapanda juu. Nikachukua mkasi wa jikoni, halafu wembe. Nikanyoa kichwa changu chote, mvi zikajaa kwenye sinki. Halafu nikafunga kitambaa, nikakaa.

Kwetu kwa ukoo wetu, mfiwa hunyolewa. Na haachi nywele ziote mpaka mzee wa nyumba amwambie, basi, inatosha. Hata waliookoka wanafanya, kimya kimya. Na mzee wa nyumba yetu ni mimi. Hakuna mwingine.

Saa kumi jioni Adela akaingia na nguo za kazi.

"Mama, umekula?"

Nikavua kitambaa.

Alisimama na ufunguo mkononi. Aliangalia kichwa changu, akaangalia mlango wa chumba chake, akaangalia tena kichwa changu. Halafu akashika wigi lake, akalivuta.

Kichwa kilikuwa kinang'aa. Kimenyolewa wiki ile ile.

Miezi saba, Adela amekuwa akijinyoa bafuni peke yake kila Jumapili. Hangeweza kuacha, kwa sababu wa kumwambia basi ni mimi. Na mimi hangeweza kuniambia.

"Nilikuwa nangoja moyo wako upone," akasema.

"Na zile buluu?"

"Ni mimi. Huwa naizima sauti, leo lazima nilisahau. Nilikuwa nasikiliza nikitoka kazini. Ulikuwa unamwongelesha kama yuko, Mama. Hakuna mwingine alikuwa anamwongelesha kama yuko."

Yale matusi yangu yote. Alisikiliza moja moja, akachaji simu, akangoja mengine.

Akapiga magoti mbele yangu, mwanamke wa miaka hamsini. "Mama, sema basi. Nimechoka kunyoa."

Nikafungua mdomo.

Naapa nilitaka kusema. Lakini kilio chake kilikuwa na miezi saba, na changu kilikuwa na saa saba. Neno halikutoka. Nikamshika kile kichwa tu, na nilihisi anangoja, anangoja, mpaka akaelewa halitoki.

Jumapili iliyofuata akaninyoa. Nami nikamnyoa.

Sasa ni Januari. Bado sijasema. Adela haombi tena, na hiyo ndiyo inaniumiza zaidi. Chelagat haji nyumbani, anasema ana mitihani. Simu iko kabatini, imezimika, hakuna anayeichaji.

Jumamosi natazama Khlong Daeng. Wanafungwa.

Nyinyi mlio na mzee nyumbani, nawaambia hivi. Akifa mtu wake, mwambieni siku hiyo hiyo, hata kama kifua chake kimeshonwa juzi. Mkimficha, kifo hakimpiti. Kinamngoja tu, na siku kitakapomfikia, nyinyi mtakuwa mmeshamaliza machozi na yeye ndiyo anaanza. Hamtakuwa mahali pamoja tena.

Sisi, kwa kilio hiki, hatukuwa pamoja hata siku moja.