Mlenda wa Mama

Harufu ya majani mabichi yanayochemka na magadi nimekutana nayo kote nilikotangatanga, Geita, Bukoba, Musoma, na kila mara hunikata hamu ya kula. Hunirudisha kwenye kiangazi kimoja cha Mwanza, nikiwa na miaka kumi, katika nyumba yetu ya mlimani, katikati ya mawe. Nyuma ya jiwe kubwa, penye kivuli, mama alipanda maua yaitwayo urujuani. Miche alipewa na sista mmoja wa Kizungu ambaye mama alikuwa akimfulia nguo, siku sista huyo alipokuwa akirudi kwao. Alimwambia kwamba maua yake ni madogo, ya zambarau, na kwamba machache tu hujaza chumba kizima kwa harufu. Mama aliisubiri harufu hiyo miaka miwili. Majani yalistawi, yenye umbo la moyo, ila ua halikutoka. Kisha juma lile akaona tumba moja, akatuonyesha kwa kidole bila kuligusa.

Mimi niliyachukia maua hayo. Bomba lilikuwa limekauka, na kila nikitoka shule nilipanda kutoka ziwani na ndoo kichwani, ya kwanza ya kupikia, ya pili ya maua. Baba alikuwa akisema ua haliliwi, nami moyoni nilikuwa upande wake.

Jumamosi akaja shangazi, dada yake baba, kutoka Kisesa. Mama alikuwa kazini. Nilimpa shikamoo na maji ya kunywa, akazunguka nyumba, nikamsikia akicheka peke yake. Kumbe wifi yake analima mlenda mbichi, na wao kijijini wanakula mkavu! Akainama.

"Huu ni mlenda, si ndiyo?"

Shingo ilikuwa bado inaniuma kwa ndoo ya maua. "Ndiyo, shangazi."

Akaung'oa wote na mizizi, kama wafanyavyo shambani, akanituma magadi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jioni tulikula. Uliteleza kuliko mlenda wenyewe. Baba alitania kwamba hatimaye mkewe amelima. Mama alicheka, akamsifu wifi yake kwa mapishi, akauliza mboga kaipata wapi. Shangazi akaonyesha nyuma ya nyumba. Mama akanawa, akatoka. Aliporudi hakumwambia neno, maana dada wa mume hakaripiwi nyumbani kwa kaka yake. Aliniuliza mimi tu.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Alikuuliza?"

Nikaanza kukusanya sahani. Tangu siku hiyo hakunituma maji tena. Alichota mwenyewe, hata akiwa mgonjwa, na nikiishika ndoo aliipokea taratibu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo.

Siku hizi kivuko cha Busisi tulichokuwa tukikisubiri nusu siku kimelipisha daraja, na ninavuka kwa dakika chache kwenda kumwona. Nimepanga nyumba Sengerema, ina uwanja wenye kivuli kizuri. Mwezi uliopita nilimwomba aje tukae wote, nikamwambia nitamtafutia miche ya urujuani popote ilipo. Alinitazama kwa upole, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonichoma.

"Panda mboga, mwanangu," akasema. "Mboga unazijua."