Nilijificha na Daftari la Wakio

Admin, nifichie jina tafadhali. Mimi ni mama wa miaka 64, mwalimu mstaafu. Nililelewa Voi kwenye nyumba za reli, baba akiwa mfanyakazi huko. Hili jambo sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, tuko kidato cha nne. Rafiki yangu, nimwite Wakio, alitoka Sagalla, kule mlimani juu ya mji. Muhula wa pili niliugua malaria wiki nyingi, daftari langu la historia likabaki nusu tupu, na mtihani ulikuwa Jumatatu. Wakio akaniambia, "Chukua langu leo Ijumaa. Kesho saa sita nitateremka nilifuate, nami nisome mpaka Jumapili." Tukakubaliana.

Jumamosi saa sita ilinikuta kwenye Mkutano wa Berlin, na Vita vya Maji Maji sijavigusa. Hofu ikanishika. Wazazi walikuwa wamesafiri matangani, nilikuwa peke yangu. Nikasikia, "Hodi! Hodi hapa!" Nikatia komeo polepole, nikakaa chini nyuma ya mlango, daftari kifuani.

Aliita jina langu mara tatu. Kisha nikamsikia akimwambia jirani, "Nitamngoja tu, hawezi kunisahau." Akakaa mlangoni kwetu katika lile jua, na mimi ndani nikaendelea kusoma. Ndiyo, nilisoma. Alipokata tamaa na kuondoka ilikuwa karibu saa kumi na moja, na bado ana mlima wa kupanda.

Jumapili niliona haya kumpelekea; Jumatatu nilimrudishia langoni mwa shule, kengele ya mtihani ikikaribia. Nikamdanganya kwamba nilipelekwa ghafla kwa shangazi kule Mwatate. Akanishika mkono. "Haidhuru, dadangu. Wewe umesoma lakini?" Nilishindwa kumtazama.

Majibu yalipotoka, mimi nikaitwa kidato cha tano. Wakio alianguka historia, somo alilokuwa akituongoza darasa zima, akakosa nafasi. Baba yake akakataa arudie. Akaenda shamba la mkonge, na huko ndiko ujana wake ulikoishia.

Mwezi jana tulikutana kwenye harusi, baada ya miaka mingi sana. Alinikumbatia akilia kwa furaha. Alikuwa na mjukuu wake wa kidato cha nne, anayetaka kuacha shule. Nikamwambia Wakio amtie moyo. Akacheka kidogo. "Mwalimu, mwache tu. Sisi kwetu hatuna kichwa cha masomo. Si uliona mwenyewe mimi nilivyoanguka?" Yule msichana akainamisha uso. Na mimi, mama mzima, nikanyamaza tena.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Wakio ana presha, daktari amekataza ashtuliwe. Nikimwambia, huenda nikamuua au akanichukia mpaka kaburini. Nikinyamaza, mjukuu wake ataacha shule akiamini kwao ni wajinga, na mwenye kosa ni mimi. Nitukaneni mkitaka, nimestahili. Ila mniambie nianzie wapi.