Pai Yangu na Pingu za Afande Royce

Jumapili ile kanisa zima lilitapika.

Sitanii. Wanakwaya, wazee wa kanisa, mchungaji mwenyewe kainama nyuma ya makaburi, kashika tai yake isichafuke.

Mimi tu ndiye sikutapika. Na hilo ndilo lililoniponza.

Naitwa Verlene, mjane, mtu wa Mississippi. Kila Agosti kanisa letu lina chakula cha pamoja uwanjani, kila mama na sahani yake. Yangu ni pai ya viazi vitamu. Miaka yote ilikuwa inaisha kabla sijaweka kisu chini.

Kesho yake afande Royce, polisi wa kaunti, akagonga mlango. Huyo nilimfundisha shule ya Jumapili akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu.

"Dada Verlene, ulinunua sumu ya panya juzi?"

"Nilinunua. Nina panya. Kwani wewe huna?"

"Na uligombana na kiongozi wa kwaya."

"Royce, nani hajagombana na yule?"

Hakucheka. Akachukua pai iliyobaki iwe ushahidi, akanifunga pingu palepale kibarazani, mtaa mzima unachungulia kwenye mapazia.

"Mimi mwenyewe nilikula hiyo pai! Ndicho kitu pekee nilichokula!"

"Nani alikuona?"

Hakuna aliyeniona. Tangu mume wangu afe, hata kwenye umati nakula peke yangu.

Nikakaa rumande mpaka majibu ya maabara yakarudi. Hakuna sumu. Kesi ikafutwa, nikarudi nyumbani nikidhani yameisha.

Thubutu!

Simu ikanyamaza. Dukani mtu akiniona anageuza kitoroli. Kanisani benchi zima likawa langu. Nikawa naacha redio inaongea mchana kutwa, ili tu nyumba iwe na sauti ya mtu. Niliumia, jamani, sitawadanganya.

Ndipo nikamshtaki Royce. Kesi ya madai, kwamba alinifungulia mashtaka kwa nia mbaya.

Wakili wangu, Nadine, mama asiye na masihara, akaniambia, "Kesi kufutwa haitoshi. Polisi akikosea kwa bahati mbaya, sheria inamlinda. Lazima tuonyeshe alijua huna kosa na bado akakukamata."

"Sasa tutaonyeshaje kilichomo kichwani mwa mtu?"

"Kichwani hatufiki. Tutajaribu tumboni."

Nikadhani mama wa watu kachanganyikiwa.

Siku ya kesi akamwita Loretta, mpokea simu wa kituo cha polisi.

"Ile pai iliyochukuliwa kama ushahidi iliishia wapi?"

Loretta akamtazama Royce, akatazama dari.

"Kipande kimoja kilienda maabara. Iliyobaki... aliila afande."

"Lini?"

"Jioni ileile aliyomkamata Dada Verlene. Akalamba na vidole."

Mahakama ikaangua kicheko. Nadine wala hakutabasamu. Akamgeukia Royce.

"Afande, huwa unakula sumu ya panya?"

Royce akainama. Alipoinua uso, machozi yanamtoka, akaeleza yote.

Kilichowaumiza watu ni saladi ya kuku ya mama yake, Bi Opal. Royce alitumwa kuipeleka asubuhi, akaisahau kwenye gari, juani. Alipoikumbuka akaiweka mezani kimya kimya. Watu walipoanza kutapika, akajua.

"Kanisa zima lingemsema mama yangu," akasema. "Ningemwambia nini?"

Akaona bora waniseme mimi. Mimi sikuwa na mtu.

Wananchi waliokaa kuamua kesi hawakuchelewa. Nikashinda. Royce akavuliwa beji. Hela za kaunti nilipata, msiniulize ngapi, kwa sababu sizo nilizozitaka. Nilitaka kuona sahani yangu imeisha.

Agosti ikafika. Nikaoka.

Uwanjani nikakumbatiwa mpaka mbavu zikauma. "Sisi tulijua tu, dada!" Waongo wakubwa!

Nikasimama nyuma ya pai yangu, kisu mkononi.

"Nimeshiba, mpenzi." Huyo sahani yake bado tupu.

"Sukari yangu iko juu." Huyo kashika keki ya mwenzangu.

Wakapita wote. Mchungaji naye akapita, akanipungia mkono.

Machozi yakaanza kunilenga. Nikashika sahani niirudishe kwenye gari.

"Nikatie kubwa, mwalimu."

Royce. Kasimama na sahani yake, hakuna aliye karibu naye. Tangu ile kesi walikuwa wanamkwepa kama walivyonikwepa mimi.

"Wewe huogopi?" nikamuuliza.

"Niogope nini? Mimi nilijua tangu siku ya kwanza."

Nikamkatia. Akakaa ukingo mmoja wa meza, mimi ukingo wa pili. Tukala. Watu wakamwangalia kama wanaosubiri adondoke.

Hakudondoka. Na bado hakuna aliyekuja.

Mji mzima, mtu pekee ambaye hakuwahi kunishuku hata dakika moja ni yule aliyenifunga pingu. Shaka ya hao wengine mahakama haikuniondolea, na sidhani kama kuna mahakama inayoweza.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma, kama unajua mtu hana kosa, sema siku ile pingu zinafungwa. Sema ukiwa na aibu, sema hata kama ni mama yako. Royce alisema mwisho kabisa, na sasa mezani tuko wawili tu.