Mwanafunzi wa Kudra

Alhamisi moja asubuhi Kudra Atumani alipanga vitu vyake ndani ya kikapu cha plastiki, akajitanda ushungi, akawaambia watu wa nyumbani kwake mtaa wa Buyenzi kwamba anapanda Kiriri kwa miguu. Binti yake Soumaya aliweka chini sufuria aliyokuwa akisugua.

"Mama, Kiriri kwa miguu? Kule ni mulima. Si usubiri mafuta yafike kwenye stesheni?"

"Nimeyasubiri tangu Ramadhani. Mi naenda."

Safari yenyewe ilitokana na simu ya jana yake. Hugues, mtoto wa rafiki yake Adélaïde, alimpigia kwa sauti ya uchovu. Mama yake alivunjika nyonga mwanzoni mwa mwaka, akafanyiwa operesheni, na daktari alisema mfupa umeunga vizuri kabisa. Lakini Adélaïde alikuwa amekataa kushuka kitandani. Alisema miguu yake imekwisha, na kila aliyemsihi atembee alimgeuzia uso ukutani.

"Tantine, pengine wewe atakusikia," Hugues alisema, akimwita shangazi kwa Kifaransa kama tangu utotoni.

Buyenzi hakuna asiyemjua Kudra. Nusu ya wanawake wa mji huu wa umri fulani walijifunza kuendesha gari kwake. Alikulia kwenye gereji ya baba yake, fundi Atumani, akisogeza magari ya wateja kutoka kivulini hadi kwenye shimo la mafundi kabla hajafikisha umri wa kuruhusiwa. Baadaye shule moja ya udereva ilimchukua, kwa sababu wake za wakubwa walitaka mwalimu mwanamke. Amestaafu siku nyingi, lakini hadi leo huongea kana kwamba anayemsikiliza amefunga vioo vya gari, na dereva akipita mtaani bila kuonyesha ishara ya kukata kona, Kudra humsimamisha.

Njiani alipumzika mara kadhaa. Mlinzi wa nyumba moja ya kifahari alimtolea kiti na maji. Kudra alikaa, akanywa, akamshukuru, kisha, aliposikia hajui kuendesha, akamuuliza kwa nini mwanaume mzima kama yeye hana leseni.

Alimkuta Adélaïde amelala chali katika chumba kikubwa chenye dirisha linalotazama ziwa. Alikuwa mfupi tangu zamani, sasa shuka ilikuwa imemmeza kabisa.

"Umekuja na nani?" Adélaïde aliuliza.

"Na miguu yangu."

"Kutoka Buyenzi? Kudra, we ni wazimu."

"Ndiyo. Sogea, nikae."

Alikaa ukingoni mwa kitanda na kutoa picha kwanza. Ilikuwa ndani ya fremu yenye ufa kwenye kioo. Wasichana wawili wamesimama mbele ya Toyota nyeupe. Mrefu, Kudra, ameweka mkono juu ya boneti kama mtu aliyeinunua. Mfupi, mwenye gauni la madoa, amekumbatia mto wa kochi kifuani na anacheka hadi macho yamefumba.

"Siku ya leseni," Adélaïde alisema polepole.

Wakati ule alikuwa nesi mpya. Zahanati yake ilikuwa imepata gari la kupelekea chanjo milimani lakini haikuwa na dereva, naye akajitolea kujifunza. Somo la kwanza Kudra alimuuliza anaona nini mbele. Adélaïde alijibu kwamba anaona usukani. Na zaidi ya usukani? "Naona mbingu." Kudra alisimamisha somo papo hapo, akaenda kwao, akarudi na mto wa kijani aliouchomoa kwenye kochi la wageni la mama yake.

Siku ya mtihani, mtahini alikataa. Alisema sheria haitambui mito.

"Na miwani yako je?" Kudra alimwambia. "Ukiivua utaweza kumtahini?"

Mtahini akafungua mlango, akaingia. Adélaïde alipita bila kosa hata moja.

Mto wenyewe ulikuwa wa pili kutoka kwenye kikapu, umebadilishwa kitambaa mara nyingi hadi hakuna aliyejua kijani chake kilikuwa cha namna gani. Kisha Kudra akatoa kibao cha bati chenye kutu, cha kufunga juu ya paa la gari. Maandishi yalikuwa yamefifia lakini yalisomeka: AUTO-ÉCOLE, yaani shule ya udereva.

Adélaïde alikishika akakipapasa.

Hapo ndipo Hugues alipoingia, amerudi kutoka kazini kula. Alimsalimia Kudra kwa mikono miwili, kisha akakiona kile kibao.

"Hiki ni nini?"

"Hiki ndicho kilichowapitisha kwenye barieri," Kudra alisema.

"Barieri gani?"

Kudra alimtazama rafiki yake. Hugues alijua kwamba wakati wa vita walihamia Buyenzi na wakakaa kwa Kudra muda mrefu. Walivyofika huko, hakuna aliyewahi kumweleza.

"Mueleze," Adélaïde alisema.

"Mueleze wewe. Si ndiwe uliyeendesha?"

Adélaïde alivuta pumzi. Mji ulikuwa umekatika vipande, alisema. Mtu wa mtaa mmoja hakuvuka kwenda mwingine. Mumewe Léonce alikuwa amekwama Gitega, na yeye alibaki mtaa wa Mutakura na Hugues, na mdogo wake Elsa akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Majirani walikuwa wameshaondoka. Asubuhi moja akasikia honi mlangoni, ndefu, isiyo na haya.

"Nikatoka nikamukuta huyu, na gari la shule, na kibao juu. Akaniambia, 'Ingia. Apana huko, ingia kwenye usukani.' Nikamwambia, Kudra, mikono inanitetemeka. Akasema, 'Vizuri. Mwanafunzi lazima atetemeke.'"

Watoto wakawekwa kiti cha nyuma. Njia ya kurudi Buyenzi ilikuwa imefungwa kwa magogo na matairi. Vijana wenye marungu walikuwa wakiwateremsha watu, wakiwauliza majina na kwao, wajue ni wa kabila gani. Kudra alitoa kichwa dirishani kabla hawajakaribia.

"Ondokeni mbele! Huyu hajui breki!"

Vijana waliruka pembeni. Gari lilishtuka, likazimika. Likawashwa, likashtuka, likazimika tena, na Kudra akaanza kupiga kelele juu ya klachi zilizosikika mtaa mzima: embreyaji, achilia embreyaji polepole, mara ngapi nitakwambia, we ni wa kufundishwa au wa kuombewa? Kijana mmoja alicheka. Wakacheka wote.

"Mwalimu, huyo mwanafunzi wako atakuua," mmoja alisema.

"Ndiyo maana naswali kabla ya kila somo," Kudra alijibu. "Sasa nisukumieni."

Nao wakaondoa magogo, wakasukuma.

"Hakuna aliyeniuliza jina," Adélaïde alisema. "Hata mmoja. Na mara ya kwanza, Hugues, lilizimika kweli. Zile zilizofuata ndizo nilizoigiza." Alikuwa ameshaketi sasa, nywele zimesimama, mashavu yamepata damu. "Nilikuwa nafanya hivi, nakanyaga, naachilia ghafla, hivi!"

Mguu wake wa kushoto uligonga kitanda chini ya shuka. Ukagonga tena.

Kudra aliutazama. "Huo ndio mguu uliokwisha?"

Adélaïde akaanza kucheka, na kicheko kikamshinda hadi akajifuta machozi kwa shuka.

Hugues alikuwa amekaa kwenye kiti bila kuvua koti. "Mi nakumbuka watu wanacheka," alisema. "Nakumbuka gari linasukumwa. Miaka yote nilifikiri ilikuwa sherehe."

Alitoka nje kidogo. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Adé," Kudra alisema, kwa sauti ile ya kiti cha mwalimu, kiti cha kulia. "Shuka."

"Nitaanguka."

"Mi niko kulia kwako. Umewahi kuanguka nikiwa kulia?"

Adélaïde alimtukana kwa Kirundi, kisha akateremsha miguu. Alisimama akiwa amemshika mkono Kudra kwa nguvu hadi vidole vikamwachia alama. Walikwenda mlangoni, wakapumzika, wakafika barazani. Alirudi kitandani jasho likimtoka, akadai chakula.

Jumamosi Hugues alitumia mafuta aliyokuwa ameyabana kwa ajili ya kazi, akawateremsha wote wawili hadi Buyenzi. Ilisemwa kwamba Adélaïde anakwenda kwa wiki moja. Wiki zilipita, mvua zikaanza, naye bado alikuwa huko, akienda sokoni asubuhi na fimbo yake, akigombana na Kudra juu ya chumvi ya maharage, na Jumapili akienda misa kwa miguu yake mwenyewe.

Hugues alipokuja kumchukua, alimkuta uani anachambua mchele.

"Mama, nyumba kule imekuwa tupu."

"Basi njoo ule hapa," Adélaïde alimjibu bila kuinua kichwa. "Ijumaa kuna pilau. Uje mapema, watu huku ni wengi."

Ijumaa hiyo alikuja, na Ijumaa iliyofuata akaja na Elsa.