Kisu Kimoja kwa Vibanja Kumi na Vinne

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeusi vya ngozi nilivyonunua kwa ajili ya mahafali ya chuo kikuu. Mvua ilikuwa imenyesha Ihanda tangu alfajiri, na baiskeli ya kukodi iliyonibeba ilikwama mara mbili kwenye tope jekundu. Mtendaji wa Kata alivitazama viatu kwanza, kisha ndipo akasoma barua yangu ya ajira.

"Unajua kulima?" akauliza.

"Nina shahada ya kilimo, mzee."

"Hilo limeandikwa hapa. Nimeuliza kama unajua kulima."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Alinionyesha meza yenye mguu mmoja mfupi, akaniambia hiyo ndiyo idara ya kilimo ya kata, na kwamba nikitaka isitikisike nitafute kijiti.

Cheo changu kilikuwa Afisa Ugani. Watu walituita Bwana Shamba, jina lililobaki kutoka zamani, na ninalipenda zaidi kwa sababu lina kejeli ndani yake. Wengi wetu hatukuwa na shamba, na ubwana ulikuwa wa kuazima. Kazi ya ugani ni kuchukua kilichogunduliwa kwenye vituo vya utafiti na kumfikishia mkulima kwa maneno anayoyaelewa. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Hatukufundishwa cha kufanya pale mkulima anapokuwa anajua zaidi yako.

Mkutano wangu wa kwanza nilizungumza saa nzima kuhusu nafasi kati ya mgomba na mgomba. Wazee walisinzia kwa heshima. Nilipomaliza, mmoja wao alinyoosha mkono taratibu. "Mwanangu," akasema, "migomba yangu ilipandwa na babu yangu. Wewe ulipandwa lini?" Watu walicheka mpaka mkutano ukafungwa.

Nikalalamika kwa Afisa Kilimo wa Wilaya, mtu mrefu, mpole, aliyependa taarifa fupi. Alinisikiliza, akafunga faili. "Wazee waache," akasema. "Shika watoto. Mtoto ukimfundisha leo, kesho anamfundisha baba yake." Nilitoka ofisini mwake nikiwa na barua ya uhamisho kwenda Igurwa na hakika kwamba nimeelewa maisha. Maneno yale yalikuwa ya kweli kabisa. Hakuna aliyefikiria itakuwaje kama alichofundishwa mtoto ni makosa.

Igurwa kulikuwa na nusu eka ya kijiji kando ya shule ya msingi, imeota magugu. Serikali ya kijiji ikaitoa iwe bustani ya jamii, na Mwalimu Mkuu akanipa darasa la tano kila Jumatano mchana. Tulianza na mchicha, nyanya chungu na maharage. Niliwafundisha kutengeneza mboji, yaani kurundika majani, samadi na majivu kwa matabaka mpaka vioze na kuwa mbolea. Niliwafundisha kutandaza nyasi ili udongo usikauke. Watoto walijua nusu ya mambo hayo tayari. Walininyamazia tu, kama wazazi wao.

Migomba ililetwa na familia zenyewe. Huku kwetu mche wa mgomba hauuzwi kwa jirani, na ukipewa huukatai, maana kuukataa ni kumwambia aliyekupa kwamba kibanja chake hakifai. Kibanja, kwa wasiokijua, ni ule msitu wa migomba na kahawa unaozunguka nyumba. Ndicho chakula, ndiyo pombe ya mahari, na ndimo wazee wanamozikwa. Kila mtoto alikuja na mche kutoka kwao, na kila shina likabeba jina la nyumba lilikotoka.

Shina lililostawi kuliko yote lilikuwa la akina Kokushima. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, akiishi na bibi yake aliyekuwa mjane. Alikuwa mtoto wa maneno machache, lakini chochote alichokipanda kilishika. Akina mama waliopita njiani walisema huyu ana mkono. Wakati wa kupanda maharage walikuwa wakimwita ashike mbegu za kwanza, naye alikuwa akirudi ameficha tabasamu kwenye kola ya sare. Kwa hiyo nilipotafuta wa kumkabidhi kisu, nilimchagua yeye.

Kisu kilikuwa changu. Cha chuma kizuri, kikali, mpini wa mti. Niliwaeleza watoto kwamba mkungu ukishatoa vichane vyote, lile ua dume, ule mpira wa zambarau unaoning'inia chini, hauna kazi tena. Unanyonya chakula cha ndizi. Ukikatwa, ndizi zinanenepa. Niliwaonyesha jinsi ya kukata mara moja, safi, kama daktari wa upasuaji. Nililipenda sana neno hilo, upasuaji. Nikawaambia tutatoka bustanini twende kuisaidia jamii: kila Jumamosi kikundi kitazunguka kwenye vibanja viwili, na Kokushima atakata.

Nyumba zilikuwa kumi na nne. Ratiba niliiandika nyuma ya kipeperushi kilichotumwa kutoka wilayani, kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu na upande ule ulikuwa mweupe.

Upande wa mbele wa kipeperushi uliandikwa kuhusu mnyauko wa migomba. Nilikuwa nimeusoma kichwa chake cha habari. Ugonjwa ulikuwa bado huko kwa wengine, na mimi ni mtu niliyesoma, nikajua nitausoma vizuri utakapokaribia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palielezwa kwamba ua dume lisikatwe kwa kisu. Livunjwe kwa mti wenye panda. Na kama lazima kisu kitumike, kipitishwe motoni kila kinapotoka shina moja kwenda jingine, kwa sababu utomvu wa mgomba mgonjwa ukibaki kwenye makali unauambukiza ule mzima.

Nyumba ya tatu kwenye ratiba ndiyo iliyokuwa na mgomba mgonjwa. Hakuna aliyejua. Mgomba unaweza kukaa na ugonjwa wiki kadhaa ukiwa bado wa kijani, unakuangalia.

Majani yakaanza kuwa ya njano nyumba ya nne. Kisha ya tano, ya sita. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zilikuwa na rangi ya kutu. Ukikata shina, linatoa usaha wa njano. Watu wa kijiji hawakuhitaji ratiba yangu ili kuona mpangilio. Waliuona kwa macho: ugonjwa ulipita palepale alipopita Kokushima, kwa zamu ileile. Waliosema ana mkono ndio waliosema sasa kwamba mkono ule umegeuka. Watoto wenzake wakaanza kumkwepa bustanini. Mmoja akampachika jina Mnyauko, nalo likashika haraka, kama kila alichokipanda.

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa ya bibi yake. Alikuwa ameomba wawe wa mwisho, kwa adabu, kwamba wengine watangulie.

Bibi alikuja ofisini kwangu kwa miguu, amevaa kitenge cha kanisani. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi. Aliniambia watu wameshamshauri ampeleke mtoto kwa mganga akaoshwe mikono. "Mimi ni Mlutheri, sitaki kwenda huko," akasema. "Nimekuja kwako uliyesoma. Niambie, mtoto ana mkono mbaya?"

Kipeperushi kilikuwa mezani mbele yangu, upande wa ratiba ukiwa juu.

"Ugonjwa huu umetoka mbali, bibi," nikamjibu. "Hata wilaya nyingine wanao."

Kila neno lilikuwa la kweli. Aliiangalia midomo yangu akisubiri mengine, hayakuja. Akanishukuru, akaondoka.

Baada ya wiki mbili Afisa Kilimo wa Wilaya alikuja kuhutubia kijiji kizima pale shuleni. Alieleza vizuri, tena kwa Kinyambo pale Kiswahili kilipowapita wazee. Alieleza habari ya kisu na moto. Kisha akanigeukia mbele ya watu. "Bwana Shamba, wale watoto waliozunguka, mliwaelekeza kusafisha kisu?"

Nimekuwa nikijiuliza kwa miaka mingi ni kitu gani hasa nilichokuwa nakilinda. Mshahara haukuwa mkubwa. Cheo kilikuwa kile chenye meza ya mguu mfupi na kijiti. Nadhani nilikuwa nalinda neno lile, upasuaji.

"Walielekezwa ipasavyo," nikasema.

Vichwa viligeuka vyote kwa pamoja kumtazama mshika kisu. Alikuwa amesimama na darasa lake karibu na mlingoti wa bendera. Hakulia. Aliiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Kwenye gari, Afisa Kilimo aliniuliza bila kunitazama kama kweli niliwaelekeza. Nikasema hapana. Aliendelea kutazama njia mpaka tulipoifikia barabara kubwa. "Kwenye taarifa andika kwamba elimu haikuwafikia wananchi," akasema. Nikaandika hivyo. Elimu ilikuwa imewafikia nyumba kwa nyumba, na orodha ninayo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kung'oa. Mgomba mgonjwa haukatwi tu, unafukuliwa shina lote na machipukizi yake, unarundikwa uoze, na pale pahali hapapandwi mgomba kwa miezi mingi. Tuling'oa bustani yote, maana kisu kilikuwa kimepita na humo, shina moja moja, na watoto wakitaja majina ya nyumba: hili la kwa fulani, hili la kwa fulani. Kokushima alikuwa nje ya uzio. Sikumwita. Msimu ule bibi yake alinunua ndizi sokoni, mwanamke aliyekua akizila kutoka mlangoni kwake.

Kisha nikapandishwa cheo, nikahamishiwa Kyerwa. Serikali ina ucheshi wake.

Siku ya kuondoka, lori likiwa limeshapakia kitanda na vitabu vyangu, nilikwenda kwa bibi nikamweleza kila kitu. Kibanja chake kilikuwa uwanja mtupu wenye viazi vitamu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini hukusema pale mkutanoni?"

"Niliogopa, bibi."

"Na mtoto naye aliogopa. Ila yeye ana miaka kumi na mmoja." Akanyoosha mkono kuelekea shuleni. "Basi rudi sasa hivi ukawaambie watu."

Nikamwambia lori linanisubiri. Nilisema hivyo kweli. Mtoto mwenyewe alikuwa ameenda kuchota maji, nami sikumsubiri.

Kyerwa nilifanya kazi miaka mingi, na nilifanya vizuri. Nilifungua bustani za watoto katika vijiji sita. Kila mtoto alitengeneza mti wake wenye panda, na visu vyote vilipita kwenye moto mbele ya macho yangu, mpaka wakaniita Bwana Moto. Wakubwa walinisifu kwa umakini. Hakuna aliyeuliza nilikojifunzia.

Mwaka huu nilifikisha miaka hamsini na mitano, nikastaafu kwa hiari. Wenzangu walinipa saa ya ukutani, na mimi nikaanza kuulizia alipo Kokushima. Nikaelezwa ameolewa Kanoni, ana cherehani yake. Nilichimba mche kutoka kibanjani kwangu, kwenye shina ninalolijua tangu utoto wake, nikaufunga kwenye mfuko wa salfeti na kupanda bodaboda.

Nilimkuta barazani akishona sare ya shule. Alinitambua kabla sijashuka. "Shikamoo, Bwana Shamba." Akanipa kiti. Mama mkwe wake, mwanamke mchangamfu, alitoka ndani tukasalimiana, akaona mche, akausifu. Nilimkabidhi Kokushima, naye akaupokea kwa mikono miwili, maana mche haukataliwi. Papo hapo akamkabidhi mama mkwe.

"Huyu udongo haugusi," mama mkwe akaniambia, akitaka kufanya utani. "Tangu aolewe sijamwona na jembe. Majirani wanasema nimeletewa mwana wa mfalme. Mimi nawaambia ni mvivu tu, lakini anashona."

Kokushima aliendelea kushona.

Nikasema. Nilimweleza mama mkwe habari ya kisu, ya kipeperushi, ya nyumba kumi na nne, ya mkutano na jibu nililolitoa. Nilitumia dakika chache sana. Hilo ndilo lililonishangaza, kwamba yote yale yalienea katika dakika chache.

Mama mkwe hakuwa anatania tena. "Na miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Kyerwa," nikajibu.

Nikamgeukia Kokushima, nikamwambia mkono wake haukuwa na kosa, kilikuwa kisu, na kisu kilikuwa changu.

"Najua," akasema. "Bibi aliniambia kabla hajafa. Kichwa kimeshajua siku nyingi, Bwana Shamba. Mkono ndio bado."

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii mna picha za magonjwa kwenye simu, na sina cha kuwafundisha kuhusu mnyauko msichokijua. Nawaambia tu kwamba kukipitisha kisu motoni ni sekunde chache, na kusema "mimi ndiye niliyekosea" ni sekunde chache vilevile, na vyote viwili visipofanyika kwa wakati wake, unabaki kung'oa.

Mama mkwe alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba. Tulimfuata. Alianza kuchimba, na bila kuinua kichwa akamwambia mkwewe amshikie mche. Kokushima alisita. Kisha akaushika kwa vidole viwili, pale juu kwenye jani, ameunyoosha mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika mali ya wengine. Alisimama hivyo mpaka shimo lilipofika kina. Mama mkwe aliupokea, akaupanda, akaukanyagia udongo.

Kokushima akaenda kwenye ndoo kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu.